Siku Niliyomwombea Aanguke

Nyumbani kwetu Rumonge lile neno halikutajwa. Tulisema "imemjia". Mama mkwe wangu alisema "wageni wamepita", kana kwamba kuna wageni wanaopita wakamwacha mtoto amejikojolea na ulimi unatoka damu. Mimi nina ulimi mwepesi kwa kila jambo jingine, na mume wangu alinioa akijua hivyo, lakini kwa hilo nilifunga mdomo kama wenzangu. Neno lenyewe ni kifafa. Ninaliandika sasa kwa herufi alizonifundisha baba yangu, mwalimu wa chuo cha Kurani, na kuliandika ni rahisi kuliko kulisema mbele za watu.

Binti yangu alianguka mara ya kwanza akiwa na miaka mitatu. Tulikuwa uani, mimi na mama mkwe, kwenye kazi ya mawese. Chungu kikubwa cha chikichi kilikuwa motoni, nami nilikuwa natwanga zile zilizokwisha kuiva, na mtoto akichezea kokwa pembeni. Nikasikia mlio. Hakikuwa kilio, ulikuwa mlio wa mtu aliyepigwa ngumi tumboni. Nilipogeuka alikuwa chini, macho yamepinduka, mikono na miguu inapiga vumbi. Nikaruka kumwendea. Mama mkwe akanishika nguo kwa nyuma, kwa nguvu ambazo sikujua kama anazo.

"Usimuguse! Hauoni povu? Utaichukua, utatuletea sisi wote!"

Nami nikatii. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Nilisimama hatua tatu kutoka kwa mwanangu nikamtazama akijipiga kichwa chini mpaka akatulia mwenyewe.

Kwetu hapa ufukweni, na hata kule milimani ambako Warundi wanaiita intandara, kila mtu anajua kwamba ugonjwa huu unaambukiza kwa povu. Ukimgusa mtu aliyeshikwa, umeuchukua. Ukikanyaga mahali alipojikojolea, umeuchukua. Nyumba yenye mgonjwa wa namna hiyo haiombwi moto, haiazimwi kinu, na kilichopikwa humo hakiliwi. Nilipokuwa msichana niliona, kule kijiji cha Magara, mtu mzima ameanguka, mguu wake umeingia kwenye moto wa kukaushia samaki, na watu wamemzunguka wanalia kwa huruma. Hakuna aliyenyoosha mkono. Nilikuwa mmoja wa waliolia. Kwa hiyo imani ile sikuikuta kwa mama mkwe. Nilikuwa nayo tangu utotoni.

Mume wangu alikuwa fundi wa mitumbwi, na mara mbili tatu kwa mwaka alishuka Ujiji na mawese yetu. Tulipomweleza aliokota tezo yake, akaiweka chini tena. Kisha akasema, "Neno hili lisivuke mlango huu. Nani atakula mafuta ya nyumba yenye ugonjwa huu?" Halafu akalia, na sijamwona akilia tena tangu siku ile. Simlaumu. Mawese ndiyo yaliyotulisha, na yeye alisema tu jambo ambalo mimi nilikuwa nimekwisha kuliwaza.

Basi tukahitaji uongo, na uongo ulikuja wenyewe. Baada ya kuanguka mtoto alikuwa analala usingizi mzito, pengine tangu asubuhi mpaka alasiri. Jirani yangu, ambaye tulikuwa tunatwanga pamoja, mwanamke mwema mwenye mdomo mpana, akachungulia ndani mchana mmoja akamkuta amejinyoosha mkekani.

"Amahoro, mama. Huyu mutoto iko na lala saa hii?"

"Amemrithi baba yake," nikamjibu. "Ukoo wao wote hao, ukiwaonyesha mkeka wanakusahau."

Akacheka mpaka akashika ubavu. Tangu siku hiyo ikawa mzaha wa mtaa mzima. Mtoto wa kulala. "Yoo, huyu atalala mpaka aolewe!" Nami nikacheka nao, na kila nilipocheka nilihisi mlango wetu umefungwa vizuri zaidi. Mtoto mwenyewe tulimdanganya vilevile. Kila alipozinduka alinitazama kwa macho mazito akaniuliza, "Mama, nimelala?" Nami nikamjibu, "Umelala tu, mama yangu." Aliuliza hivyo kila mara, na kila mara alinitazama kidogo baada ya jibu, kana kwamba anangoja liendelee.

Alianguka sana. Ziko siku alianguka mara nne. Nilichana ukanda mrefu wa kaniki, ncha moja nikaifunga kiunoni kwangu na nyingine kiunoni kwake, na hivyo ndivyo tulivyofanya kazi kwa miaka miwili, mimi nikitwanga na yeye amefungwa kwangu. Walioniuliza niliwaambia naogopa mamba. Mamba walikuwapo, haukuwa uongo wote. Nilichoogopa zaidi ni moto wa chungu na yale maji ya ziwa yaliyokuwa karibu na ua wetu kuliko nilivyotaka. Alipoanguka nilimvuta kwa ukanda mbali na mafiga, nikakunja kaniki nyingine mara mbili, na kwa kitambaa hicho nikamgeuza ubavu. Povu nililifuta kwa jani la mgomba, na jani nikalifukia nyuma ya nyumba. Mkono wangu haukumgusa. Kabla ya kuanguka nilimbeba, nilimsuka, nilimbusu tumbo mpaka akacheka. Baada ya kuanguka nilimwosha. Lakini katikati hapo, wakati wenyewe, kulikuwa na kitambaa kati yangu na mwanangu, na siku moja fundo lilipolegea kulikuwa hata na zaidi ya kitambaa, kwa sababu mkono wake ulipotua kwenye figa la moto mimi nilikuwa natafuta kaniki ya kumshikia. Kovu la kuungua kule alikuwa nalo maisha yake yote. Niliwaambia watu kwamba uji ulimwagika.

Kisha malale yakaja, ule ugonjwa wa usingizi unaoua.

Yalivuka kutoka ng'ambo, watu wakasema, pamoja na wapiga kasia walioanza kusinzia wakiwa safarini. Tuliona watu wazima wanakaa mbele ya chakula chao na tonge mkononi, wamesahau. Wadachi, Wajerumani waliotutawala siku hizo, wakasema ni mbung'o, wale nzi wa kwenye matete, wakawaamuru wanaume wafyeke ufuko wote, na kwa miezi tulisikia mapanga tu. Halafu akaanza kupita bwana mganga wa Kidachi na hema lake na darubini ya shaba ya kuonea wadudu wa ugonjwa. Watu waliitwa kwa ngoma, wakapangwa mstari, na kila mmoja alipapaswa shingo kwa nyuma. Aliyekutwa na matezi shingoni, na jamaa zake au majirani wakasema kwamba analala sana, alipelekwa kwa mashua kwenye kambi ya wagonjwa, kusini huko, kupigwa sindano.

Nisiwasingizie. Wapo waliorudi kutoka kambini wazima, wakatembea kwa miguu yao. Lakini wapo pia walioletwa wameshikwa mkono, macho wazi na hawaoni kitu, na watu wakasema ni ile sindano. Na wapo ambao hawakurudi. Mimi niliposikia habari za kambi sikuwaza hata sindano kwanza. Niliwaza mioto ya kupikia, mingi, imewashwa nje, na watu wageni wamesimama mbali na mwanangu wakilia kwa huruma.

Lakini sikuogopa bado. Niwe mkweli, nilifikiri malale hayanihusu. Mawazo yangu yalikuwa Bugarama, kule milimani, kwa sababu mama mkwe alikuwa amesikia habari za mganga huko anayechanja kifafa kikatoka. Tukapanda alfajiri, mtoto mgongoni, tukafika adhuhuri. Alikuwa mwanamke mwenye chongo, mkali, aliyetuuliza mambo matatu tu kisha akaniambia nishike kichwa. Nikakishika. Akamchanja safu mbili nyuma ya shingo, chini kidogo ya nywele, akasugua masizi na unga wa mzizi. Mtoto alipiga kelele zilizosikika bonde zima.

"Itavimba," akasema. "Ikivimba usiogope. Ni ugonjwa iko natoka."

Ikavimba. Siku ya tatu matezi yakasimama shingoni kama karanga, upande huu na upande huu, nami nikayapapasa kila asubuhi kwa furaha. Na mtoto hakuanguka. Siku ya nne, ya saba, ya kumi, hakuanguka. Mume wangu akafunga safari yake ya Ujiji akiimba. Mama mkwe akatembea uani kifua mbele, nami nikamwacha ajisifu, kwa sababu mkwe akisema kweli ni vizuri kumpa haki yake. Siku ya kumi na moja niliufungua ule ukanda wa kaniki, mara ya kwanza katika miaka miwili, nikamwacha akimbie uani peke yake. Siku ya kumi na mbili ikalia ngoma ya bwana mganga.

Mnaona nilivyokuwa nimemwandaa mwanangu. Kwa mikono yangu nilimpa matezi, na kwa mdomo wangu nilimpa usingizi.

Tulipangwa mchangani asubuhi, pale ambapo matete yalikuwa yamefyekwa. Bwana mganga alikaa chini ya turubai na darubini yake. Aliyepapasa shingo alikuwa mkalimani wake, mtu wa pwani mwenye tarbushi nyekundu, vidole vyepesi. Nilikuwa nimemfunga mtoto ukanda tena, kwa ajili ya maji. Katika pindo la nguo yangu nilikuwa nimefunga ndizi mbili za kuchemsha, kwa kuwa hakuwa amekula asubuhi, ngoma ilituharakisha. Mkalimani akampapasa. Vidole vikasimama. Vikarudi. Akaita neno la Kidachi kuelekea turubai.

"Mtoto huyu analala mchana?" akaniuliza.

"Hapana," nikasema.

Nyuma yangu jirani yangu akavuta pumzi. Hakuwa mbaya yule. Alikuwa na watoto watatu waliokula na mwanangu sinia moja, na siku hizo kila mtu alikuwa anahesabu waliolala karibu na watoto wake. Akasema kwa sauti ya kuomba radhi, "Bwana, ule mutoto iko na lala sana. Tangu miaka miwili. Hata mama yake anasemaka." Na wengine wakaitikia, ndiyo, ndiyo, mtoto wa kulala, mtaa mzima unamjua. Mzaha wangu wote nikarudishiwa.

Askari akamsogeza mtoto kando, pamoja na wanaume wawili na kikongwe mmoja aliyekuwa amesinzia. Mashua ilikuwa imefungwa pale pale. Mkalimani akatangaza kwamba itaondoka alasiri.

Mama mkwe alinikazia macho. Nilijua anachokisema kwa yale macho, kwa sababu nami nilikuwa najiambia hicho hicho: mume hayupo, neno lisivuke mlango. Nilimwangalia mwanangu, amesimama kando ya yule kikongwe, ukanda wa kaniki umenyooka kati yetu na askari ameukanyaga bila kujua. Wakubwa walisema mficha maradhi kilio humfichua. Nimechukia methali hiyo maisha yangu yote kwa sababu wanaoisema huwa hawana mgonjwa.

"Ana kifafa," nikasema.

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Watu walionizunguka wakarudi nyuma wote kwa pamoja, nikajikuta nimesimama peke yangu na mchanga mtupu pande zote. Jirani yangu aliwavuta watoto wake kwa nguo. Mama mkwe akajifunika uso.

Nikamweleza mkalimani yote, haraka haraka: kuanguka, povu, usingizi unaofuata, na chale za Bugarama zilizovimbisha shingo. Akatafsiri. Bwana mganga akasimama, akaja mwenyewe, mtu mrefu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Akainamisha kichwa cha mtoto akatazama zile chale. Akaongea kidogo, na mkalimani hakunitazama alipotafsiri.

"Bwana mganga anasema amechoka na hizi chale. Anasema katika kila kijiji watu wanachanja shingo za watoto ili kuficha matezi."

"Sikuficha! Hakuwa na matezi kabla ya chale!"

"Anasema kila mama ana neno lake. Huyu minyoo, huyu homa, wewe kifafa."

Alimchoma tezi moja kwa sindano nyembamba, mtoto akalia, akaweka tone kwenye kioo akachungulia kwenye shaba yake muda mrefu. Niliomba. Akainua kichwa, akasema mwenyewe kwa Kiswahili chake, "Dudu hapana." Nikaanza kumshukuru Mungu. "Lakini dudu ficha mingi," akaongeza, na mkalimani akafafanua: mara nyingi wadudu hawaonekani, na mtoto mwenye matezi na usingizi hawezi kuachwa katikati ya wengine. Kisha bwana mganga akanitazama, na nadhani hakuwa mtu mkatili, alikuwa mtu wa haki ya karatasi, asiyeamini mpaka aone. Akasema kama mtoto anaanguka kila siku kama ninavyodai, basi aanguke, yeye aone. Mpaka alasiri. Akiona kifafa atamwacha.

Nikamwambia haijamjia siku kumi na mbili sasa. Mkalimani alifikiri kidogo, kisha akaamua kutolitafsiri hilo. Namshukuru mpaka leo.

Basi tukakaa. Waliokwisha kupapaswa wangeweza kwenda zao, lakini hakuna aliyekwenda. Walikaa mbali, kivulini, wakitutazama. Mimi na mwanangu tulikaa juani karibu na mashua, askari ametusimamia, na mimi nikajikuta naitafuta ile ajali niliyoikimbia kwa miaka miwili. Nilikuwa nimejifunza tabia zake. Ilipenda jua la utosini. Ilipenda njaa. Zaidi ya vyote ilipenda njaa. Asubuhi aliyochelewa kula ndiyo asubuhi aliyoanguka, sikumbuki ilipokosea.

"Mama, njaa," akasema.

"Subiri."

"Iko ndizi. Nimeona."

"Subiri, mama yangu."

Akaweka kichwa pajani kwangu, akanusa lile pindo. Nilihamisha pindo upande wa pili. Sijui kama kuna mama atakayesoma hili akanielewa, na asiyenielewa simlaumu. Ndizi zilikuwa zimelala pajani kwangu, bado na uvuguvugu wa mwili wangu, na mtoto wa miaka mitano ananiomba kwa adabu, tena na tena, na mimi namnyima. Aliomba kivuli. Nikamwambia tukae hapa hapa. Mama mkwe alikuja hatua chache na kibuyu cha maji, akasimama, akaona nilichokuwa nafanya. Alielewa. Alirudi na kibuyu chake akaanza kulia kwa sauti.

Nikaomba dua. Nilikuwa nimeomba dua kwa miaka miwili isije. Sasa nikasema, Mola wangu, mwangushe. Nilisema kimoyomoyo, nikarudia, nikaona aibu, nikarudia tena. Mwangushe mwanangu mbele ya watu hawa wote. Nilimtazama usoni kutafuta ile dalili, ule mdomo kuvutika upande mmoja, na uso wake ulikuwa mtulivu tu, una vumbi na machozi makavu. Chale za Bugarama zilikuwa zinafanya kazi. Nikamlaani yule mwanamke mwenye chongo, na jicho lake lililobaki nalo lipofuke.

Kivuli cha mashua kilirefuka mpaka kikatufikia miguuni. Mkalimani akaja.

"Mama, basi," akasema taratibu. "Muda umekwisha."

Wanaume wawili wakapandishwa. Kikongwe akabebwa. Askari akamshika mwanangu mkono, ukanda ukakaza, ukamrudisha nyuma. Akatoa kisu akaukata. Ncha iliyobaki kwangu ilikuwa urefu wa mkono. Nikasema nitakwenda naye, askari akasema mashua ni ya wagonjwa. Nikamwambia mambo ambayo baba yangu mwalimu hakunifundisha. Alinisukuma kwa bega, bila hasira, nikakaa chini mchangani.

Mtoto alikuwa ameingia majini mpaka vifundoni, amegeuka kunitafuta. Nikaona mdomo ukivutika.

Ule mlio. Askari akaachia mkono kana kwamba umemuunguza, akaruka nyuma, na watu wote kule kivulini wakasimama. Mwanangu akaanguka kifudifudi. Maji pale hayakuwa na kina, kiganja na nusu, lakini uso wake ulikuwa ndani yake na mwili wote unapiga. Askari alikuwa karibu kuliko mimi. Mpiga kasia mmoja alikuwa karibu zaidi, ameketi kwenye mashua, angenyoosha mkono tu. Akainua miguu yake juu ili maji yale yasimguse.

Nikatafuta kaniki. Hata hapo, Mungu anisamehe, mkono wangu ulikwenda kwanza kutafuta kitambaa. Nikashika kile kipande cha ukanda, kifupi, hakifai kitu. Nikakitupa.

Nilimwinua kwa mikono yangu. Alikuwa na nguvu za ajabu kwa mtoto, akanipiga kidevu, nikamgandamiza kifuani kwangu, uso pembeni ili maji yatoke, na povu likanimwagikia shingoni na mkononi na mdomoni pia, nikalionja, lina chumvi kidogo na damu. Nilikuwa nauhisi moyo wake. Kwa miaka miwili sikujua kwamba wakati ule wote moyo wake ulikuwa unakimbia hivyo, mle ndani, peke yake. Nilimwambia Mungu asante, kwa sauti, na waliosikia walidhani nimerukwa na akili.

Bwana mganga alikuwa amepiga magoti majini na viatu vyake. Akafunua kope la mtoto, akangoja, akashika mkono wake uliokuwa unapiga akahesabu mapigo. Yeye naye alimgusa. Kisha akasema neno moja kwa mkalimani, akatikisa kichwa kuelekea mashua, na ikaondoka bila sisi.

Yaliyofuata sitayarefusha. Mawese yetu hayakununuliwa tena Rumonge. Mume wangu aliyapeleka Ujiji ambako hatujulikani, na alipoambiwa nililolisema mchangani hakuninunia zaidi ya mwezi, jambo ambalo kwa mwanamume ni uungwana. Jirani yangu hakurudi kutwanga nami. Watoto wake wote walikua, namshukuru Mungu kwa ajili yake. Mimi nilingoja kuanguka. Nilingoja mwaka mzima, kila nikisikia kizunguzungu nasema ndiyo hii, imekuja. Haikuja. Sikuanguka hata mara moja, wala sikumgusa tena mwanangu kwa kitambaa, na alianguka mara nyingi sana baada ya hapo, kwa miaka tisa aliyobakiwa nayo. Kila mara nilikuwa na mikono.

Lakini jioni ile hayo yote yalikuwa mbele. Watu walikuwa wametawanyika, wamezunguka mbali ili wasikanyage mahali tulipokaa. Mama mkwe peke yake alikuwa amebaki, amekaa nyuma yangu, hatua tatu, na kibuyu chake. Mwanangu alilala kidogo tu mapajani mwangu, kisha akafumbua macho. Akatazama maji, akatazama nguo zake zilizolowa, akanitazama mimi.

"Mama, nimelala?"

Nilifungua mdomo, na jibu la siku zote lilikuwa pale pale, tayari.

"Hapana, mama yangu," nikasema. "Umeanguka. Una kifafa. Unaangukaga, si kulala."

Akafikiri. Hakuonekana kushangaa sana.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimekushika."

Akaangalia mikono yangu, upande wa juu na upande wa chini, muda mrefu kiasi. Kisha akauliza kama sasa anaweza kula ndizi yake.